Jibu: Okidi imedondosha maua na majani yananywea

Ndugu, pole. Unasema okidi yako imedondosha maua yote, majani yamenywea, na unaimwagilia kila siku lakini hali inazidi kuwa mbaya. Maua kudondoka baada ya miezi 2 au 3 ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni hayo maji ya kila siku.

Okidi hizi za majani mapana kwa asili huota juu ya miti, si ardhini. Mizizi yake inahitaji hewa sawa na maji. Ikilowa muda wote inaoza, na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana majani yananywea ilhali chungu kimejaa unyevu. Itoe leo uikague: mizizi migumu iache, ile laini ya kahawia ikate kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Ipande upya kwenye vipande vya magome ya mti, chungu chenye matundu. Udongo wa bustani usitumie kabisa.

Kisha mwagilia pale tu mizizi inapogeuka rangi ya fedha. Ikipata maji hurudi kijani, kwa hiyo chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani kinasaidia sana. Maji yasituame katikati ya majani. Mwanga wa dirishani unatosha, jua kali hapana.

Maua usiyaharakishe, tafadhali. Majani mapya yakishakomaa, usiku wenye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi kwa wiki kadhaa ndio huamsha shina la maua. Mbolea nayo isubiri mizizi mipya. Ukiweza, weka picha ya mizizi tuione.