Resi ya mtumba kwa laki nne

Baiskeli yangu ya kwanza ya resi niliifaidi siku 9. Siku ya 10, nikirudi nyumbani Tegeta, nilipita juu ya kipande cha chupa pale Bunju na tairi la nyuma likaisha upepo papo hapo. Nikaikokota hadi kwa fundi pancha aliyekuwa chini ya mwembe, mzee aliyezoea baiskeli za magunia ya mkaa. Akaipindua, akafungua gurudumu, akachomeka bisibisi kutafuta ukingo wa tairi ili autoe nje ya rimu. Akazunguka nalo mzunguko mzima, hakuupata. Akavuta kwa nguvu, likabanduka kama kiraka, kumbe lilikuwa limegundishwa. Akaligeuza, akachana utepe wa kitambaa uliokuwa upande wa ndani, na chini yake tukauona uzi umepita toka mwanzo hadi mwisho.

"Kijana," akasema, "hili tairi limeshonwa kama mpira wa miguu. Mimi naziba, sishoni."

Yale matairi yanaitwa tyubula. Ni ya mashindano: tyubu imeshonewa ndani, na tairi zima linabandikwa juu ya rimu kwa gundi. Rimu yake haina kingo za kushika tairi la kawaida, kwa hiyo huwezi kusema basi nitafunga jingine. Ama ulipate la aina hiyo hiyo, ama ununue magurudumu mapya. Nilizunguka Kariakoo siku nzima na lile tairi begani, na kila duka walilipokea, wakaligeuzageuza, wakaitana kulitazama. Baiskeli niliyoinunua kwa 320,000 nikaja kuiuza 170,000 kwa mtu niliyemweleza ukweli wote, ambaye tayari alikuwa na magurudumu yake.

Nayaandika haya kwa sababu tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wa mtaani kwetu wameanza kunisimamisha. Swali ni lile lile: kaka, nina laki nne, nipate resi gani? Nami huwa nawajibu kwamba laki nne si bei ya baiskeli. Bei ya baiskeli ni laki mbili na nusu, ikizidi sana mbili na themanini. Inayobaki ni ya mambo utakayoyakuta baada ya kununua, na utayakuta tu. Mtumba uliokaa stoo Ulaya au Japani miaka kadhaa, ukasafirishwa kwenye kontena, hauwezi kufika tayari kwa safari, hata dalali aupanguse vipi kwa mafuta.

Kwa hiyo safari ya kwanza usiende kwenye baiskeli. Nenda kwenye spea. Uliza bei ya tairi, tyubu, cheni, nyaya za breki, mipira ya breki, na uandike kwenye simu. Angalia hasa ni saizi zipi zimening'inizwa kwa wingi. Kile kinachoning'inia ndicho utakachonunua miaka yote utakayokuwa na hiyo baiskeli. Mimi mara ya kwanza nilianza na rangi ya fremu.

Saizi ya gurudumu ndipo watu wengi wanaponaswa. Resi nyingi zina magurudumu ya 700C, lakini za zamani kidogo zina ya inchi 27, na kwa macho hutaona tofauti. Usiamini macho wala dalali. Inama usome ubavuni mwa tairi. Utakuta maandishi kama 25-622 au 32-630. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo kwa milimita pale tairi linapokalia rimu. 622 ndiyo 700C, 630 ndiyo 27. Milimita 8 tu, lakini la 622 halipandi kwenye rimu ya 630 hata ulipake sabuni ndoo nzima, na la 630 kwenye rimu ya 622 litachomoka ukiwa njiani. Zile baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, za inchi 28, ni 635, kwa hiyo nazo usidhani zitakuokoa. Katika kuzunguka kwangu, ya 700C niliyakuta kila nilipouliza. Ya 27 ni ya kubahatisha. Na kama ubavuni hakuna namba hizo, na ukiminya tairi na kulisukuma pembeni unaona gundi, mrudishie mwenyewe mali yake.

Baada ya gurudumu, fremu. Kwa bajeti yetu mimi nasema chuma, na wanaonicheka waendelee. Chuma ni kizito kidogo, sawa. Lakini kikipata ufa, utauona, na mchomeleaji mwenye mkono mwepesi anaweza kukirudisha (mwenye mkono mzito atatoboa, maana bomba za resi ni nyembamba). Alumini inataka mashine na fundi wake, ambaye si huyu wa kuchomelea mageti. Kaboni ya mtumba ya bei chee mimi siigusi: inaweza kuwa imevunjika ndani, juu rangi inang'aa, na siku ikiachia haikupi taarifa. Sumaku ndogo ya spika mbovu itakuambia kama fremu ni chuma kweli. Mimi natembea nayo mfukoni.

Pitisha kidole chini ya bomba kubwa, nyuma kidogo ya pale usukani unapoingilia. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari kwa mbele hubeba ushahidi hapo: rangi imekunjamana, au bomba limevimba kidogo kama mshipa. Ukihisi mkunjo, ondoka, bei yoyote ile. Kisha fanya jambo ambalo litawafanya watu wakuzunguke kukuangalia: toa uzi. Ufunge pale ekseli ya nyuma inaposhikwa upande mmoja, uuvute hadi mbele, uuzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe hadi upande wa pili wa ekseli. Uzi ukiwa umekaza, pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la fremu ambamo kiti huingia, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja mbili haina neno. Mimi nimewahi kukuta tofauti ya upana wa kidole kwenye baiskeli iliyokuwa inasifiwa kwamba "imetembea kanisani na kurudi tu". Muuzaji mwenyewe alipiga magoti akapima tena, akanyamaza, kisha akaniteremshia bei. Nikamshukuru nikaondoka.

Jambo jingine la fremu, hasa kwetu watu wa pwani: mwambie alegeze bolti na apandishe kiti mbele yako. Lile bomba la alumini linalobeba kiti likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, na chumvi ya bahari ikisaidia, linaganda humo. Utaambiwa "fundi atalitoa". Fundi gani? Nimeona mtu akilitoa kwa msumeno, akikata toka ndani, siku mbili.

Urefu nao usiupuuze kwa sababu bei imekupendeza. Simama umelipita bomba la juu katikati ya miguu, umevaa viatu na nyayo zote ziko chini. Ukiona linakugusa, baiskeli hiyo ni ya mtu mwingine. Ndogo kidogo inarekebishika kwa kupandisha kiti, kubwa haina dawa.

Gia nitapita haraka, kwa sababu ndizo watu wanazozitazama zaidi na ndizo zinazostahili kutazamwa mwisho. Jina la Shimano, kampuni ya Kijapani ya gia, peke yake halikuambii kitu, wanatengeneza za bei ya chini hadi za mabingwa. Zile zinazobadilishwa kwenye mikono ya breki ni tamu, lakini zilizokaa muda mrefu grisi hugeuka gundi ndani: unabonyeza, kinasikika kitu, gia haiendi. Mara nyingine kusafisha kwa mafuta ya taa na kubonyeza mara mia kunazifufua, mara nyingine hakufui dafu. Mimi nilichukua za zamani zenye vijiti viwili kwenye bomba la chini. Unainama kidogo kubadilisha, lakini hakuna cha kuharibika, na vile vinavyoteleza bila kugota hatua kwa hatua havijali una gia 6 au 7 nyuma.

Cheni ipime kwa tepu ya chuma ya seremala, siyo ile ya kitambaa ya cherehani ambayo yenyewe imeshavutika. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Pini ya 24 inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imechoka. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, na meno ya nyuma yameliwa pia, kwa hiyo usihesabu cheni tu. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma, usikilize kama usukani unagonga. Shika mikono ya pedeli uitikise kwa pembeni. Ikicheza, gololi za pale kati zinadai. Hivyo vyote vinatengenezeka na wala si sababu ya kukimbia, ni sababu ya kuomba punguzo. Zungusha magurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Gurudumu linaloyumba kidogo linanyooshwa kwa kukaza spoku, ila pitisha kidole pale breki inapobana: ubavu wa rimu ukiwa umechimbika kama kisahani, rimu imeliwa.

Sasa mfano wenyewe. Baiskeli yangu ya pili niliipata mwezi wa tatu wa kutafuta, ya Kijapani, ya chuma, gia 14, rangi ya bluu iliyopauka. Bei ya kwanza 380,000. Sikuanza kwa kusema nina kiasi gani. Nilikagua kimya kimya, nikamwita muuzaji, nikamwonyesha kimoja kimoja kwa heshima: bosi, matairi haya yamepasuka ubavuni, cheni imevutika hii hapa tepu, nyaya zina kutu. Nikamtajia bei za Kariakoo kutoka kwenye simu. Muuzaji wa mtumba amezoea kuambiwa "punguza bwana, mimi mteja wako". Hajazoea hesabu. Tukaachana kwa 260,000.

Matairi mawili 60,000, tyubu mbili 12,000, cheni 15,000, nyaya na mipira ya breki 20,000, fundi 15,000. Jumla yake 122,000. Kwa hiyo 382,000, na 18,000 ikabaki ya utepe wa usukani na soda mbili, yangu na ya fundi.

Kabla ya kulipa, igeuze usome namba iliyogongwa chini ya pale pedeli zinapozungukia. Ikiwa imekwaruzwa au kusagwa, usiulize sababu. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishianeni: jina, simu, namba ya fremu, tarehe, na ikiwezekana mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji halali ataona ni usumbufu lakini atasaini. Yule wa "twende tu tumalizane pale kona" ndiye wa kumwogopa.

Na siku hiyo hiyo ukitoka pale, kabla ya kupiga picha ya kurusha, tafuta upepo. Tyubu nyingi za resi zina valvu nyembamba ya kufungua kwa vidole nchani, na kichwa cha pampu cha kituo cha mafuta hakiishiki. Kuna kipande kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili ikae kama valvu ya gari. Bila hicho utaendesha na upepo wa nusu, na tairi jembamba lenye upepo wa nusu ukigonga shimo linabanwa na rimu na tyubu inatoboka matundu mawili kama ya meno ya nyoka. Kijana wa kujaza upepo atataka kuweka PSI 30 kama ya gari dogo. Mwambie 80, atakutazama, mwambie tena 80. Hicho kipande cha shaba nunua viwili. Kimoja kitapotea kabla hujafika Bagamoyo.