Kabla hujaongeza mizunguko, piga hesabu ya ncha ya propela

Fundi aliyezoea magari huishangaa Lycoming O-320, injini ya ndege ndogo: lita 5.2, nguvu farasi 160 tu, mwisho mizunguko 2700 kwa dakika. Usiione injini ni mvivu. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na propela ndiyo inayoweka kikomo.

Pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha, zidisha kwa mbili upate kipenyo kwa mita. Zidisha kwa 3.14, kisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60. Propela ya inchi 75 ni mita 1.905, kwa mizunguko 2700 ncha yake inakwenda mita 269 hivi kwa sekunde. Sauti, kwenye nyuzi 15, husafiri mita 340. Hapo uko asilimia 79, pazuri. Ukikaribia asilimia 90, hewa juu ya panga huanza kupita kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko yanajitokeza, ukinzani unapanda ghafla, na nguvu uliyolipia mafuta inageuka kelele.

Ndiyo maana ndege ya Cessna 185 ya majini yenye propela ya inchi 86 husikika ziwa zima ikiruka: kwa mizunguko 2850 ncha inafika mita 326. Rubani akivuta wenzo wa mizunguko ya propela hadi 2700, zinabaki 309, na masikio yanapumua. Baridi hubana zaidi, kwa kuwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri sauti yenyewe imeshuka hadi mita 319.

Injini ya Rotax 912 ULS hukwepa tatizo kwa giaboksi inayopunguza mizunguko mara 2.43: injini 5800, propela kama 2390 tu.

Sasa takometa, yaani kipima mizunguko. Ile ya kebo ikichakaa husoma pungufu, kwa hiyo ihakiki kwa takometa ya mwanga, mchana, nje ya hanga, maana taa za umeme huidanganya. Iweke idadi sahihi ya mapanga: propela ya mapanga mawili ukiipima kama ya matatu, 2700 itasomeka 1800.

Na ncha zikiliwa na kokoto, usikate kwa macho. Kitabu cha mtengenezaji kinataja kipenyo cha chini kabisa. Mapanga yote hupunguzwa sawasawa, kisha propela inasawazishwa upya. Propela isiyobadilisha pembe ya mapanga ikifupishwa huwa nyepesi kuzungushwa, na injini inavuka 2700 ukiwa bado kwenye njia ya kurukia.