Jibu: herufi ǽ inatoka kisanduku kwenye Gregorio

Milele amina, mwalimu. Umeuliza kwa nini ǽ ya neno la Kilatini «sǽcula» inatoka kisanduku kitupu unapochapa nyimbo kwa Gregorio, ile programu ya kuchapa nota za nyimbo za Kigregoriani. Si kosa la Gregorio, ni fonti uliyochagua haina herufi hiyo. Kwanza hifadhi faili lako la gabc (lile unaloandikia maneno na nota) kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za Unicode, yaani orodha ya herufi za lugha zote. Kisha badala ya kubandika herufi kutoka kwingine, andika <sp>'ae</sp>. Ikikataa bado, badilisha fonti ya maneno, Libertinus inayo.

Inayosumbua zaidi ni œ́ ya «pœ́na». Unicode haina œ yenye mkazo kama herufi moja: ni œ, halafu alama ya mkazo inapandishwa juu yake. Fonti dhaifu huitupa ile alama pembeni, kama kofia iliyopeperushwa na kaskazi. Hapo tumia <sp>'oe</sp>, na uchapishe ukurasa mmoja kwanza kabla hujatoa nakala za kwaya nzima. Duka la fotokopi hapa Malindi halikurudishii pesa, nimeyaonja hayo.

V na R zenye mkwaju, alama za kiongozi na kiitikio, ni <sp>V/</sp> na <sp>R/</sp>. Na unapogeuza faili kuwa PDF tumia LuaLaTeX, programu ya kupanga kurasa; mwenzake pdfLaTeX haitakubali.