Watumishi wako wape tarehe

Mwaka 2025 ulitujaribu sana sisi tunaoongoza asasi ndogo hapa Moshi. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, lilikuwa limefungwa. Tarehe 29 Oktoba ukaja uchaguzi wetu wenyewe, vurugu, na intaneti kuzimwa. Wenzangu wanaoanza uongozi wananiuliza tulivukaje. Naandika yale yaliyotusaidia.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: watumishi wape tarehe. Mwishoni mwa Januari dada wa uhasibu aliingia ofisini kwangu akafunga mlango. "Mama, shule zimefunguliwa. Nilipe ada yote au nibakize?" Nilimjibu kwamba mshahara wa Februari upo, wa Machi upo, wa Aprili bado sijaupata, na kwamba Ijumaa ya kwanza ya Machi nitamweleza tena, niwe nimepata au sijapata. Akalipa nusu. Kesho yake nikarudia maneno hayohayo mbele ya wote, dereva na mlinzi wakiwemo, kwa sababu habari kama hiyo ikibaki kwa mmoja huwa fununu kabla ya chai ya saa nne.

Wapo wakurugenzi wanaoamini kwamba kuficha ni kuwahurumia watu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtumishi asiyeambiwa kitu hutafuta kazi kwingine kimyakimya, na wa kwanza kuondoka ni yule uliyemtegemea zaidi. Aliyeambiwa anaweza kuongea na mwenye nyumba, anaweza kuahirisha mkopo. Na Ijumaa ile ya Machi ikifika, ukasimama ukasema ulichoahidi kusema, hata kama habari yenyewe si nzuri, watakusikiliza pia utakapowaambia kuna maombi mapya umeyapeleka na unaona dalili njema. Bila hiyo Ijumaa, maneno ya matumaini hayana pa kushika.

Mwenyekiti wa bodi yetu ni mzee wa Kibosho aliyekulia kwenye kahawa. Yeye ndiye aliyenikumbusha habari za KNCU: chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1933, kikavunjwa na serikali mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine nchini, kikarudishwa mwaka 1984. Katika miaka hiyo yote mibuni iliendelea kupaliliwa. "Mwanangu," aliniambia, "ofisi inaweza kufungwa. Wewe angalia ni nani watakaoendelea kukutana pasipo posho."

Tulilichukua swali lake tukaenda nalo mitaani. Jibu lilikuwa wazi: vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa, Pasua na Njoro, vilikuwa vinakutana kila wiki kwa fedha zao wenyewe. Basi masomo tunayowapa wasichana tukayahamishia huko, chini ya usimamizi wa kina mama wenyewe, na semina za hotelini tukazifuta. Sijutii. Naona hata fedha zingerudi zote, nisingezirudisha zile semina.

Kuhusu maadili, yaandikeni mapema, na yaandikeni kama mambo ambayo hamtayafanya. Msimu wa kampeni wagombea huomba viti, turubai, gari, wakati mwingine hata orodha ya namba za simu za kina mama. Na ombi haliji na mgeni. Huja na shemeji, au mzee wa kanisa uliyekaa naye benchi moja Jumapili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hairuhusu asasi kufanyia chama chochote kampeni, lakini shemeji hujamsomea sheria. Sisi bodi ilisaini karatasi kabla ya uteuzi wa wagombea: vifaa havitolewi kwa chama chochote, majina ya wanufaika hapewi mtu yeyote, mtumishi ana haki ya kuwa na chama chake ila fulana ya chama haiingii ofisini. Nakala moja ubaoni, nyingine kwa afisa maendeleo ya jamii. Waliokuja kuomba walionyeshwa ubao, na heshima ikabaki pande zote.

Andikeni pia namba za simu za watumishi na viongozi wa vikundi kwenye karatasi. Intaneti ilipozimwa, kundi letu la WhatsApp halikuwa na maana tena. Ile karatasi ndiyo iliyotuwezesha kupiga simu moja moja na kujua nani yuko salama.

Mwisho, watu wa Kilimanjaro tuna Desemba. Ndugu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, na wengi wanapenda kuchangia kwao ila hawajawahi kuombwa kwa utaratibu. Andaa taarifa ya ukurasa mmoja: kazi iliyofanyika mwaka huu, gharama ya msichana mmoja kwa muhula, fedha zilizoingia na zilizotoka, na namba ya kulipia. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ya mchangiaji ni la asasi, si la mkurugenzi. Ipeleke kwa wazee wa ukoo na viongozi wa dini mapema mwezi huo, kabla familia hazijapanga bajeti ya sikukuu.