Jibu: ndege wekundu wadogo uani, na yule mweusi anayekaa juu ya mti

Mleta uzi ameuliza mambo mawili: ndege wadogo wekundu wanaodonoa uani pamoja na wa kahawia ni aina gani, na je, yule mweusi mwenye miguu myekundu anayeimba kileleni mwa mti ndiye dume lao?

Hao wekundu, kwa jina la kisayansi, ni Lagonosticta senegala. Urefu wake ni kama sm 10, na uzito haufiki gramu 12. Dume ana uso na kifua chekundu, mabawa ya kahawia, na vidoa vyeupe vidogo ubavuni. Jike ni wa kahawia, ila ana wekundu kidogo kati ya jicho na mdomo, na mgongoni karibu na mkia.

Msikimbilie rangi ya mwili, maana jamii hii yote ina wekundu. Angalieni mdomo kwanza, kisha manyoya ya chini ya mkia. Huyu ana mdomo mwekundu, na chini ya mkia ni kahawia hafifu. Jamaa zake Lagonosticta rubricata na L. rhodopareia (L. ni kifupi cha Lagonosticta) wana mdomo wa kijivu-bluu na weusi chini ya mkia, tena hupenda vichaka na nyasi ndefu kuliko ua uliofagiliwa. Walio Uganda na magharibi ya Kenya waangalie pia L. rufopicta: mdomo wake nao una wekundu, lakini kifuani ana mistari mifupi myeupe badala ya vidoa.

Kinachowapotosha wengi ni makinda. Kinda aliyetoka kiotani karibuni ana mdomo mweusi na hana wekundu usoni, kwa hiyo mtu humwandika kuwa aina nyingine. Mtazameni mgongoni karibu na mkia. Wekundu wa hapo anao tangu mwanzo.

Sasa yule mweusi. Si dume lao, wala si wa familia yao. Ni Vidua chalybeata, jamaa wa fumbwe wenye mikia mirefu. Mdomo wake huwa mweupe au mwekundu kutegemea eneo, miguu huwa myekundu. Jike lake, lenye michirizi kama shomoro, hutaga kwenye kiota cha hawa wekundu na kuwaachia kazi yote. Mayai ni meupe kama ya wenyeji, makubwa kidogo tu. Kinda lake haliui wenzake, tofauti na kinda la kekeo wengi, ambao nao hutaga kwenye viota vya wengine. Hukua nao, na alama za ndani ya kinywa chake zinafanana na za makinda wa mwenye kiota, hivyo hulishwa vilevile.

Dume hujifunza nyimbo za waliomlea, na jike huvutwa na dume anayeimba nyimbo hizo. Mtafiti wa ndege Robert Payne na wenzake waliwalea baadhi yao chini ya ndege wa aina nyingine kabisa, na madume wakaiga nyimbo za walezi hao wapya. Kwa hiyo mkisikia sauti ya ndege mwekundu ikitoka kwa mweusi, masikio yenu hayajakosea.

Msimu wa kuzaa ukipita, dume mweusi hupukutisha manyoya na kuwa wa michirizi kama jike. Wengi hudhani amehama.

Mkitaka kuthibitisha kama kiota kimevamiwa, subirini makinda watoke. Msichokore kiota. Kiota ni duara la nyasi lenye manyoya ndani, na hujengwa chini kichakani au hata kwenye paa la makuti. Kikiguswa sana wazazi wanaweza kukisusa. Ndege wekundu wenyewe hutaga mayai 3 hadi 6. Katika kundi linaloomba chakula, asiye na wekundu karibu na mkia ndiye wa Vidua.

Kwa kuwaona vizuri, mwageni kiganja kimoja cha uwele au ulezi mahali peupe asubuhi, mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujificha. Maji yawe kwenye sahani ya kina cha sm 2 hivi, yabadilishwe kila siku. Mahindi yaliyoparazwa hayafai. Vipande ni vikubwa kwa midomo yao, na mtaishia kulisha njiwa.