Mkuu, usichapishe hicho kijitabu

Simamisha uchapaji leo hii. Unasema semina ya kwaya yenu itafunguliwa na Wafilipi 2:6-11 "kama ilivyoimbwa na kanisa la kwanza", beti 6 zenye mistari mitatu mitatu. Hapo nimeshapita, tena kwa nakala 200 zilizolipwa na mfuko wa kwaya.

Mimi beti hizo nilizikuta ubaoni darasani. Mwalimu alizichora kwa chaki, tukanakili, na hakusema hata mara moja kwamba mpangilio ule si wa Paulo. Mpaka leo naumia. Ni wa Ernst Lohmeyer, msomi wa Kijerumani, aliyeutoa mwaka 1928! Paulo hasemi popote pale kwamba ananukuu wimbo. Soma mstari wa 8: "naam, mauti ya msalaba". Maneno hayo yalizidi kwenye ubeti, basi Lohmeyer akaona Paulo ndiye aliyeyaongeza. Baadaye Joachim Jeremias, msomi mwingine wa Kijerumani, akapata beti 3 za mistari minne minne, lakini ili zitoshe ilibidi atoe hayo, atoe "vya mbinguni, na vya duniani, na vya chini ya nchi", atoe na "kwa utukufu wa Mungu Baba". Wimbo gani huo unaobadilika idadi ya beti kila ukipata mhesabuji mpya?

Siku ya semina yangu mzee mmoja wa besi akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona msalaba umeuweka kwenye mabano?" Ukumbi kimya. Sikuwa na jibu. Ni pale pale Paulo anapomshusha Kristo mpaka chini kabisa, na mimi nimepazungushia mabano kwa sababu ya hesabu ya mtu wa juzi.

Sisemi haukuwa wimbo. Huenda ulikuwa, na wasomi wengi wanaamini hivyo. Ninachosema: usiandike "waliimba" kabla hujaonyesha nani alisema waliimba. Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano mnamo mwaka 112 kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Huo ni ushahidi, ingawa maneno ya wimbo hakuyaandika.

Ukitaka wimbo wa Wakristo wa kale wenye maneno yake, nenda Oxyrhynchus, Misri. Kuna kipande cha mafunjo cha mwishoni mwa karne ya 3, kilichochapishwa mwaka 1922. Upande mmoja ni hesabu za nafaka, Mungu ambariki karani yule, na nyuma yake kuna wimbo wa Kigiriki wenye alama za sauti juu ya maneno. Mwanzo umepotea. Kilichobaki kinaiambia mito inyamaze wakati Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanaimbiwa, na nguvu zote ziitikie: amina, amina.

Fungulia semina na huo. Wafilipi waisome kwa sauti, nzima, bila mabano. Rasimu niletee hapa kabla hujaenda kwa mchapaji.