Maswali ya Wasomaji: Dungeons & Dragons ya zamani kwa watoto

SWALI: Nina kitabu cha wachezaji cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa dadu, Dungeons & Dragons cha 2014, kurasa 320. Wanangu wana miaka 8 na 11. Jumamosi mbili zimekwisha na bado tunatengeneza wahusika. Nasikia matoleo ya zamani ni mepesi. Nianze na lipi?
— Baba wa wawili, Morogoro

JIBU: Baba, usiliamini sana neno "zamani". Toleo la kwanza la 1974, la Gary Gygax na Dave Arneson, ni vijitabu vitatu vilivyoandikiwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita ya mezani; mgeni hapati pa kushika. Lile la "Advanced", lililotoka kitabu kimoja kimoja kati ya 1977 na 1979, ni la zamani pia, lakini lina majedwali ya kumchosha hata mtu mzima. Unalolitaka wewe ni Basic ya 1981 iliyohaririwa na Tom Moldvay: kurasa 64, ngazi za mhusika kutoka ya 1 hadi ya 3, basi. Sanduku jekundu la Frank Mentzer la 1983 ni mchezo uleule ukifafanuliwa polepole, tena lina sehemu ya kucheza peke yako. Kama huyo wa miaka 11 anasoma Kiingereza vizuri, hilo litamfaa.

Huna haja ya kusaka masanduku hayo. Old-School Essentials ya Gavin Norman ni kanuni za 1981 na kijalizo chake zikiwa zimepangwa upya, na Basic Fantasy ya Chris Gonnerman inapakuliwa bure. Tofauti moja uijue: katika Basic Fantasy mtoto anachagua kabila la mhusika, kisha kazi yake. Katika ile ya 1981 mbilikimo wa milimani ni mbilikimo tu, hachagui kazi, imekwisha. Machaguo ni saba na yanaenea kwenye kadi moja. Kwa mtoto wa miaka 8 tunapendelea hiyo ya saba.

Kutengeneza mhusika kusizidi dakika 15. Rusha dadu tatu za kawaida mara sita na uandike jumla kwa mpangilio: nguvu, akili, busara, wepesi, afya, mvuto. 9 hadi 12 haina nyongeza wala punguzo. 13 hadi 15 ni +1, 16 na 17 ni +2, 18 ni +3. Upande wa chini, 6 hadi 8 ni −1, 4 na 5 ni −2, 3 ni −3. Tuseme mkubwa amepata 14, 9, 7, 13, 11, 8. Nguvu +1, wepesi +1, busara na mvuto vinamvuta chini: huyo ni mpiganaji, hana mjadala. Mpe upanga, ngao, deraya ya minyororo, mienge sita, kamba na chakula cha siku saba. Kitabu kinasema arushe dadu tatu, azidishe kwa 10, kisha akanunue vitu kwa dhahabu hiyo. Ruka. Hapo dukani ndipo Jumamosi nyingi huishia.

SWALI: Mwanangu ananiuliza kwa nini deraya ya 3 ni bora kuliko ya 9. Sina jibu.
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Mtoto hajakosea. Kanuni za wakati ule zilihesabu deraya kwa kushuka, namba ikiwa ndogo mtu ni mgumu zaidi kupigwa, na ili kujua kama umempiga adui ilibidi usome jedwali. Chukua 19, toa namba ya deraya ya kitabuni, na jibu ndilo namba ambayo mpigaji anapaswa kufikia kwa dadu ya pande 20. Asiye na deraya anakuwa 10, ya ngozi 12, ya minyororo 14, ya bamba 16. Ngao inaongeza 1, na wepesi unajumlishwa hapohapo. Wahusika wa ngazi tatu za mwanzo hawana nyongeza nyingine ya kupiga zaidi ya ile ya nguvu, au ya wepesi kwa silaha za kurusha. Watu husahau upande wa mazimwi: zimwi la dadu 2 za uhai (ndizo kipimo cha ukubwa wake) huongeza 1 kwenye dadu ya kupiga, la 3 huongeza 2. Ukiliacha hilo, zimwi kubwa litakosa kama vile vidogo na watoto watalidharau.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 alichagua mjuzi wa mazingaombwe. Chumba cha kwanza, pigo moja, kafa. Amegoma kucheza. Nibadilishe kanuni zote?
— Mama, Toronto

JIBU: Hapana, mama, badilisha mbili tu. Kwanza tazama kilichotokea. Mjuzi anarusha dadu ya pande 4 kupata uhai wake na haruhusiwi deraya. Goblini, kile kizimwi kidogo cha mapangoni, kinahitaji 10 kumpata, yaani nafasi 11 kati ya 20, na pigo lake ni dadu moja ya pande 6. Mwenye uhai 3 anauawa na pande 4 kati ya hizo 6. Uhai ukifika 0, kitabu kinasema amekufa.

Kwa hiyo: ngazi ya kwanza mpe uhai wote wa dadu yake bila kurusha, 4 kwa mjuzi, 8 kwa mpiganaji. Na 0 iwe ameanguka, hajafa. Mwenzake lazima amburute hadi nje, na anayeburuta hapigani. Atakufa tu akiachwa nyuma. (Watoto hawamwachi mtu. Watu wazima ndio wa kuwaangalia.) Uganga wake mmoja wa siku uwe Usingizi: rusha dadu mbili za pande 8, jumla ndiyo dadu za uhai zitakazolala. Goblini sita huhesabiwa sita, na mara nyingi wote watalala chini. Akiutumia chumba cha kwanza atakaa bure saa nzima, kwa hiyo mkabidhi mwenge, ramani na visu vitatu vya kurusha.

Ila tunashuku kwamba muuaji hasa si dadu ya uhai. Watu wazima wengi huziacha kanuni mbili wakidhani ni mapambo, halafu wanalalamika kwamba mchezo wa zamani ni katili. Ya kwanza ni mapokezi: mkikutana na viumbe ambao kitabu hakijaamua tabia yao, rusha dadu mbili za kawaida. 2 wanashambulia papo hapo, 3 hadi 5 wana uadui na wanaweza kushambulia, 6 hadi 8 hawajaamua, 9 hadi 11 hawashambulii, 12 wanawapenda. Kushambulia papo hapo ni nafasi 1 kati ya 36! Ya pili ni moyo wa vita. Goblini wana moyo 7. Akianguka wa kwanza, rusha dadu mbili. Ikizidi 7, na hiyo ni nafasi 15 kati ya 36, wanakimbia au wanasalimu amri. Nusu wakianguka, rusha tena. Ukiziweka hizo mbili, goblini sita chumbani wanakuwa watu wa kuongea nao: wanataka chakula, wanamwogopa mkubwa wao, wanajua mlango wa nyuma.

Tena tuzo zinavuta upande huohuo. Kipande 1 cha dhahabu kinacholetwa nyumbani ni pointi 1 ya kupandia ngazi. Goblini ni pointi 5. Sanduku la vipande 200 kwa watoto wanne ni pointi 50 kila mmoja. Kuwaua wale sita ni pointi 7 na nusu kila mmoja. Chora hesabu hiyo mbele yao mara moja tu. Mpiganaji anahitaji 2,000 kupanda ngazi ya 2, hivyo usiwe bahili wa dhahabu, ama mtazeeka ngazi ya 1.

SWALI: Bibi yao hataki kusikia neno "mchawi" ndani ya nyumba. Tufanyeje?
— Dada, Tanga

JIBU: Msilitumie. "Mjuzi" linatosha, na kanuni haibadiliki hata herufi.

SWALI: Hapa kwetu dadu ya pande 20 haipatikani. Tuna za ludo tu.
— Msomaji, Songea

JIBU: Zinafaa, pamoja na karata. Chukua ree hadi kumi za kopa na ree hadi kumi za shupaza: kopa ni 1 hadi 10, shupaza ongeza 10, tayari una 1 hadi 20. Pande 4: rusha ya ludo, 5 na 6 rudia. Pande 8: rusha hiyo ya 4 pamoja na sarafu, na upande wa picha unaongeza 4. Karata irudishwe na zichanganywe kila mara. Isiporudishwa, mtoto anayehesabu atajua ishirini imeshatoka, na atakataa kushambulia hadi mchanganye upya.